Kasoro za Lipu na Rangi katika Nyumba za Pwani ya Lindi: Chanzo Chake na Namna ya Kuzirekebisha

Na Mwandishi Wetu, Kilwa Masoko

Sikukuu ya Idd inapokaribia, au harusi inapopangwa, kazi ya kwanza ya familia nyingi za pwani ni kupaka nyumba rangi. Fedha iliyowekwa kwa miezi kadhaa hutolewa, fundi huitwa, na kwa siku mbili tatu nyumba hung'ara. Mvua za msimu zinapoanza, rangi ile ile huvimba kama malengelenge, hubanduka kwa vipande, na chini ya ukuta hutokea unga mweupe. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi huilaumu rangi, na mwaka unaofuata fedha nyingine hutumika juu ya ukuta ule ule.

Katika hali nyingi rangi haina kosa. Kasoro huwa ndani ya ukuta, na hakuna rangi, hata iwe ya bei gani, inayoweza kuutibu ukuta wenye maji au chumvi. Makala haya yanaeleza namna mwananchi wa Kilwa, Lindi na maeneo mengine ya mwambao anavyoweza kutambua chanzo cha kasoro za lipu na rangi, hatua za kuzirekebisha, na mahali ambapo mtaalamu anapaswa kuitwa.

Kwa nini kuta za mwambao huharibika mapema

Yapo mambo manne yanayozitesa kuta za pwani yetu.

La kwanza ni hewa ya bahari. Upepo wa kusi na kaskazi hubeba chembechembe za chumvi zinazotua juu ya kuta. Chumvi ina tabia ya kunyonya unyevu uliomo hewani. Kwa hiyo ukuta uliojaa chumvi huweza kulowa hata katika siku isiyo na mvua.

La pili ni mchanga. Nyumba kadhaa zimejengwa na kupigwa lipu kwa mchanga wa ufukweni ambao haukuoshwa. Chumvi ya mchanga huo hubaki ndani ya ukuta, hula nondo za zege, na huendelea kutoka nje kwa miaka mingi. Aidha, kuchota mchanga ufukweni kunaongeza mmomonyoko wa fukwe, hivyo madhara yake hayaishii kwenye nyumba moja.

La tatu ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Nyumba ambayo msingi wake haukuwekewa nailoni nzito ya kuzuia unyevu hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Maji hayo hupanda, mara nyingi hadi kimo cha karibu mita moja, yakiwa yamebeba chumvi za udongo. Maji yanapokauka usoni mwa ukuta, chumvi hubaki, hugeuka fuwele, na fuwele hizo zinapokua husukuma lipu na rangi mpaka zikatoka.

La nne ni mvua. Mkoa wa Lindi hupata msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Kuta hulowa kwa miezi mfululizo kabla ya kupata nafasi ya kukauka. Kimbunga Hidaya kilichofika katika pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, pamoja na mafuriko yaliyoikumba Wilaya ya Kilwa, viliongeza idadi ya nyumba ambazo kuta zake zilikaa ndani ya maji. Ukuta uliopitiwa na mafuriko huonekana mkavu usoni mapema, ilhali ndani yake bado una maji.

Pima ukuta kabla ya kununua rangi

Vipimo vifuatavyo havihitaji mashine, na kila mwenye nyumba anaweza kuvifanya mwenyewe.

*Kipimo cha nailoni.* Chukua kipande cha nailoni angavu chenye ukubwa wa karatasi ya kuandikia. Kibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne na ukiache kwa siku moja hadi mbili. Matone yakijitokeza upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakijitokeza upande wa chumbani, tatizo ni hewa nzito ya chumba, na dawa yake ni kufungua madirisha na kuongeza matundu ya hewa.

*Kipimo cha kugonga.* Gonga lipu taratibu kwa mpini wa mwiko au kwa kifundo cha kidole. Lipu iliyoshika vizuri hutoa mlio mzito. Iliyoachana na ukuta hutoa mlio mtupu kama wa debe. Chora duara kwa penseli kila mahali penye mlio mtupu, ili fundi ajue pa kubomoa.

*Kipimo cha gundi ya utepe.* Kata rangi ya zamani kwa wembe alama ya msalaba, bandika utepe juu yake, kisha uvute kwa nguvu. Rangi ikitoka pamoja na utepe, haifai kubebeshwa rangi mpya.

*Kipimo cha ufa.* Weka alama ya penseli kwenye ncha mbili za ufa na uandike tarehe. Ufa ukipita alama hizo baada ya miezi miwili au mitatu, nyumba bado inacheza, na kuziba ufa huo kabla ya kujua sababu ni kazi ya bure.

*Kipimo cha mchanga.* Jaza chupa angavu nusu kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, kisha uiache itulie kwa saa kadhaa. Tope hukaa juu ya mchanga kama utando. Utando huo ukizidi sehemu moja ya kumi ya kina cha mchanga, mchanga huo ni mchafu na unahitaji kuoshwa au kuachwa.

Kasoro zinazoonekana mara kwa mara na tiba zake

*1. Unga mweupe wa chumvi*

Kosa linalofanyika zaidi ni kuuosha unga huo kwa maji. Maji huyeyusha chumvi na kuirudisha ndani ya ukuta, nayo hutoka tena jua linapowaka. Kosa la pili ni kuifunika kwa rangi ya mafuta au kwa lipu nzito ya saruji. Kifuniko hicho huzuia ukuta usipumue. Maji hutafuta njia juu zaidi, na unyevu uliokuwa magotini huonekana mwaka unaofuata kiunoni.

Utaratibu unaofaa ni huu:

- Kata chanzo cha maji kwanza. Ondoa udongo uliorundikana ukutani, chimba mtaro wa kuongoza maji mbali na msingi, rekebisha mabomba yanayovuja na mifereji ya paa.
- Bomoa lipu iliyoharibika, uvuke mstari wa unyevu kwa angalau sentimita 30.
- Safisha viungo vya matofali kwa kina cha sentimita 2 hivi, kisha futa chumvi kwa brashi kavu. Zoa vumbi lote na ulitupe mbali na ukuta.
- Acha ukuta ukauke. Kanuni ya zamani ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene wa ukuta. Hivyo ukuta wa tofali la sentimita 15 huweza kuhitaji takriban miezi sita. Wakati huo endelea kufuta chumvi inayotoka.
- Piga lipu mpya inayopumua: kipimo 1 cha saruji, 1 cha chokaa na 6 vya mchanga safi wa mtoni.
- Malizia kwa chokaa au kwa rangi ya maji. Rangi ya mafuta isitumike mahali hapo.

*2. Lipu inayolia tupu au kuanguka*

Lipu huachana na ukuta kwa sababu kuu tatu: ukuta ulikuwa na vumbi, ukuta ulikuwa mkavu mno ukanyonya maji ya lipu kabla haijashika, au lipu ilipigwa nene kwa mara moja. Ondoa sehemu yote iliyochorwa duara, na ukate kingo kwa tindo ziwe wima. Piga brashi, nyunyizia maji, kisha piga lipu kwa tabaka zisizozidi milimita 15 kila moja. Tabaka la kwanza likwaruzwe kabla halijakauka ili la pili lipate pa kushika. Lipu yenye saruji inyunyiziwe maji asubuhi na jioni kwa muda usiopungua siku 7, na ikingwe na jua kali. Lipu isiyonyweshwa maji hugeuka vumbi ikiguswa.

*3. Nyufa*

Nyufa nyembamba kama nywele, zilizosambaa kama utando wa buibui, hutokana na saruji nyingi kupita kiasi au na lipu kukaushwa haraka na jua. Hazina hatari, huzibwa kwa puti ya ukutani na kupigwa msasa. Ufa unaopanuka kidogo hukwanguliwa kwa ncha ya mwiko uwe na umbo la herufi V, husafishwa, huloweshwa, kisha huzibwa.

Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya mlango au dirisha, ufa unaopita ndani na nje ya ukuta, au unaozidi upana wa milimita 5 ni habari nyingine. Huo huonesha kwamba msingi umetitia au ukuta umebebeshwa mzigo usiouweza. Mwenye nyumba asimwite fundi rangi. Afike kwa mhandisi wa halmashauri yake au mtaalamu wa majengo aliyesajiliwa.

*4. Rangi kuvimba, kubanduka na kutoa vumbi*

Malengelenge yenye maji ndani ni dalili ya unyevu. Rejea kasoro ya kwanza. Rangi inayobanduka kwa magamba makubwa aghalabu ilipakwa juu ya vumbi, mafuta ya jikoni au rangi ya zamani yenye mng'ao ambayo haikupigwa msasa. Rangi inayoacha unga kiganjani imechakazwa na jua, au iliongezwa maji kupita kiasi ili ienee nyumba nzima.

Ipo pia kasoro ya haraka. Lipu mpya ya saruji ina ukali unaoharibu rangi ya mafuta na kuifanya iwe laini na yenye kunata. Lipu mpya iachwe kwa muda wa takriban siku 28, kisha ipakwe rangi ya awali inayohimili ukali wa saruji kabla ya rangi ya mwisho.

*5. Kuvu na madoa meusi*

Kuvu huota kwenye kona za vyumba visivyopitisha hewa, nyuma ya makabati na katika vyumba vya kuogea. Mbali na kuchafua ukuta, huweza kuwasumbua watoto na watu wenye pumu. Changanya sehemu 1 ya jiki na sehemu 3 au 4 za maji, paka mahali palipoathirika, acha kwa dakika 15 hadi 20, sugua, suuza na uache pakauke kabisa. Vaa glavu na ufungue madirisha. Jiki isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye tindikali wala na amonia, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

*6. Madoa ya kutu na masizi*

Doa la kutu linalopenya rangi kwenye nguzo au mkanda wa zege huonesha kwamba nondo imeanza kuliwa. Zege likiwa limepasuka kandokando yake, mtaalamu aitwe. Madoa ya masizi ya jikoni yaoshwe kwa sabuni na maji ya moto, kisha yapakwe rangi maalumu ya kuziba madoa. Rangi ya maji pekee huyaruhusu yatokeze tena.

Nyumba za mawe na chokaa: somo kutoka Kilwa Kisiwani

Mwambao huu una mwalimu wake. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao ujenzi wake ulianza takriban karne ya 11, pamoja na jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14, vilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe juu ya malundo ya magogo kwa joto linalokaribia nyuzi 900, kisha kuyazima kwa maji. Inapopigwa ukutani, chokaa hunyonya hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe taratibu. Hubaki na vinyweleo vinavyouruhusu ukuta kulowa na kukauka bila kupasuka.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kutokana na uchakavu na mmomonyoko, na mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha hiyo baada ya kazi za uhifadhi. Kanuni iliyoongoza ukarabati huo inamfaa pia mwananchi mwenye nyumba ya mawe Kilwa Kivinje au Lindi mjini: jengo la chokaa hutengenezwa kwa chokaa.

Saruji ni ngumu na haipumui kama chokaa. Inapopigwa juu ya ukuta wa matumbawe, maji hufungiwa ndani, jiwe laini huliwa na chumvi nyuma ya lipu ngumu, na siku moja lipu huanguka ikiwa imeshikamana na uso wa jiwe. Kwa kuta za namna hiyo itumike lipu ya kipimo 1 cha chokaa na 3 vya mchanga safi, kwa tabaka nyembamba, ikikingwa na jua na kuloweshwa kidogo kidogo. Kazi hii inataka subira. Faida yake ni kwamba lipu ya chokaa ikiharibiwa na chumvi, hubadilishwa lipu peke yake na jiwe hubaki salama.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mwenye jengo la umri huo awasiliane na mamlaka za Mambo ya Kale kabla ya kubomoa au kubadili chochote. Vilevile, wananchi wanakumbushwa kwamba kuvunja matumbawe hai na kukata mikoko kwa ajili ya tanuri za chokaa kunaharibu mazalia ya samaki. Inunuliwe chokaa iliyotengenezwa kwa njia halali.

Kwa nyumba za miti na udongo kanuni ni ile ile. Lipu ya saruji haishikamani vizuri na udongo unaovimba na kusinyaa. Lipu ya udongo uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, ikimaliziwa kwa chokaa, hudumu zaidi na gharama yake ni ndogo. Upenuo mpana wa paa na baraza iliyoinuliwa huikinga lipu hiyo kuliko rangi yoyote.

Utaratibu wa kupaka rangi

Wakati unaofaa kupaka nje ni kuanzia Juni hadi Oktoba, kuta zinapokuwa zimekauka. Paka asubuhi baada ya umande kukauka, au alasiri, na ukwepe ukuta unaopigwa na jua la mchana. Anza na kukwangua, kisha kuziba, kupiga msasa, kufuta vumbi, kupaka rangi ya awali, na mwisho mikono miwili ya rangi, kila mkono ukiachwa ukauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.

Ili kuepuka kununua pungufu au ziada, pima eneo. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.8 kina mzingo wa mita 14, hivyo kuta zake ni mita za mraba 39.2. Ukitoa mlango mmoja na madirisha mawili hubaki takriban 34. Lita moja ya rangi ya maji hutosha wastani wa mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Kwa mikono miwili zitahitajika takriban lita 7.

Usalama na haki za mnunuzi

Rangi za zamani, hasa za mafuta, huweza kuwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaodhurika zaidi. Rangi ya zamani isikwanguliwe ikiwa kavu wala kuchomwa moto. Iloweshwe kwanza, watoto na wajawazito wakae mbali, na mabaki yakusanywe yote. Anayezima au kupaka chokaa avae miwani na glavu. Ikiingia jichoni, lisafishwe kwa maji mengi safi mfululizo na mgonjwa afikishwe kituo cha afya mara moja.

Wakati wa kununua, angalia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), tarehe ya mwisho wa matumizi na lakiri ya kopo, na udai risiti. Makubaliano na fundi yaandikwe: kazi za maandalizi, uwiano wa mchanganyiko, idadi ya mikono ya rangi na awamu za malipo. Sehemu ya malipo ibaki mpaka kazi ikaguliwe.

Mwenye fedha kidogo asianze na rangi. Mtaro wa maji, mfereji wa paa na ndoo chache za mchanga safi vitailinda nyumba kwa muda mrefu zaidi. Ukuta ukishakauka, hata chokaa nyeupe ya bei nafuu itakaa, na Idd ijayo fedha ya rangi itapata matumizi mengine.